Nyumba yetu baada ya sikukuu: maswali mnayoniuliza kila Januari

Kila tukirudi kutoka Rombo, Kilimanjaro, kwa wakwe zangu, simu yangu haipumziki. Wifi anauliza hili, jirani tunayechangia naye ukuta anauliza lile, na akina mama wa jumuiya wanauliza yote kwa mkupuo tukiwa bado mlangoni mwa kanisa. Mwaka huu nimeamua kujibu kwa maandishi, mara moja. Atakayeuliza nitamtumia hii.

Kwa msiotufahamu: tunaishi Kimara, Dar es Salaam, nyumba ya vyumba vitatu na kiuwanja kidogo nyuma. Kabla ya Krismasi tulikuwa watu sita humu ndani: mimi, baba watoto, watoto watatu na dada wa kazi. Leo tuko sita vilevile, ila si sita walewale. Dada hajarudi. Mahali pake yupo kijana wa wifi yangu aliyemaliza kidato cha nne. Ongezeni jogoo mmoja, ubao wa bao na mikungu miwili ya ndizi. Maswali karibu yote yanaanzia hapo.

Hivi hamkuweza kuziacha hizo ndizi hukohuko?

Mama mkwe akishaukata mkungu kwa mkono wake, akaubeba mpaka kwenye gari, wewe ni nani wa kuukataa? Halafu mchare uliokatwa jana si sawa na ule unaoukuta sokoni umeshalala siku tatu juu ya lori. Mimi ni mtu wa Tanga, nimeolewa kwenye ndizi, na miaka ya mwanzo nilikuwa nazipika kama adhabu. Sasa najua.

Shida ni joto. Ndizi iliyotoka mgombani, kwenye baridi ya mlimani, ikifika Dar ya Januari inaiva kwa hasira. Kwa hiyo tunautundika mkungu kwenye kenchi ya banda la nyuma, kivulini, usiguse chini. Huiva kuanzia machana ya juu, basi chana la juu ndilo linalopikwa kwanza na la chini linangoja. Ukikata katikati kwa sababu ndipo panapopendeza, utajikuta Alhamisi una machana matano mabivu na hakuna mlaji.

Kumenya: paka mafuta ya kula mikononi na kwenye kisu, menyea ndani ya beseni la maji. Utomvu ukigusa nguo umeandika wosia. Nina gauni la kanisani, la rangi ya maziwa, ambalo sasa ni la kupikia.

Mtori watu wengi wanaukosea mahali pamoja tu: wanatia ndizi na mifupa kwa wakati mmoja. Ndizi zinalainika nyama ikiwa bado inagoma. Chemsha mifupa kwanza mpaka nyama iachie, itoe pembeni, ndizi ziingie kwenye supu ile, zikilainika ziponde kwa mwiko mpaka uji uwe mzito, ndipo nyama irudi. Siku ya pili tunapika machalari, ya tatu kiburu cha maharage na magadi. Siku ya nane mziwanda wangu alikaa mezani, akatazama sufuria, akauliza, “Mama, mchele umeisha dunia nzima?” Chana la mwisho nilimpa jirani.

Dada hajarudi. Ulimuudhi?

Hili linaulizwa kwa sauti ya chini, kama la msiba.

Aliondoka kabla yetu na nauli, kitenge na ahadi ya kurudi tarehe 3. Tarehe 3 ikaja meseji: “Mama samahani sirudi, naanza kujifunza cherehani kwa mama mdogo.” Nilikasirika jioni nzima. Baba watoto akaniuliza, wewe ungekuwa na binti wa miaka ishirini, ungemshauri nini kati ya cherehani na kuosha vyombo vyetu? Sikumjibu, nikaenda kulala.

Ukweli ni huu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 yenye malipo kila mwaka. Dada wa nyumbani naye ni mfanyakazi. Sisi wenye nyumba tunampa wiki mbili za Krismasi na kuziita zawadi. Miaka miwili aliyokaa kwangu hakuwahi kupata siku 28, na mimi nilijiona bosi mwema kwa sababu nilikuwa simpigii kelele. Kwa hiyo sijui kama nilimuudhi. Nilimchosha, hilo halina ubishi.

Sasa kazi anafanya nani?

Wiki ya kwanza, hakuna. Tulidhani tunajua kazi za nyumba hii, kumbe tunajua zile zinazoonekana: kupika, kufua, kupiga deki. Jumatano asubuhi, siku ya pili ya shule, tukafungua mapipa yakawa makavu. Maji ya mgao huku kwetu yanatoka usiku wa manane, Jumanne na Ijumaa, na kwa miaka miwili kuna mtu aliyekuwa akiamka saa nane kuweka mpira kwenye mapipa bila sisi kusikia hata mlango. Siku hiyo watoto watatu walinawa kwa jagi moja la maji ya kunywa wakaenda shule.

Jioni nikachukua kalenda ya mwaka uliopita, nikaigeuza, tukaandika nyuma yake kila kazi aliyokuwa akifanya. Zilifika 23. Nyingine tulizikumbuka siku mbili baadaye zilipoharibika, kama kuloweka maharage, kukagua mifuko ya suruali kabla ya kufua, kumwambia mziwanda akojoe kabla ya kulala.

Mgawo wetu si wa haki sana lakini unakwenda. Baba watoto ana maji, maana ndiye aliyekuwa akilala fofofo kuliko wote. Mkubwa, binti wa miaka 15, anapika chakula cha jioni siku tatu, mimi siku zilizobaki. Wa kati anafagia na kupiga deki. Kijana anaosha vyombo na kufua mashuka. Wifi aliposikia mwanawe anaosha vyombo kwangu alinipigia saa hiyohiyo. Nikamwambia kijana anakula sahani mbili, basi anaosha mbili, na hizo nyingine ni za kuwasalimia wenzake. Alicheka kidogo. Nadhani bado ana kinyongo.

Kama nitatafuta msichana mwingine? Labda mama wa kutwa, aje asubuhi aondoke saa tisa akalale kwa watoto wake. Sijaamua.

Huyo kijana atakaa mpaka lini?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwetu hakuna shamba, tumempa fagio.

Anasubiri matokeo ya kidato cha nne, ambayo kwa kawaida hutoka mwishoni mwa Januari. Akichaguliwa kidato cha tano, masomo yanaanza Julai. Hapo hesabu mwenyewe: mambo yakimwendea vizuri kabisa, ni nusu mwaka. Yakienda kombo, sijui.

Ninachowaambia wenzangu wanaofikiria kuja na ndugu mjini ni kwamba mazungumzo yafanyike kabla ya siku ya safari. Nani atamnunulia nguo? Akiugua bima ipo? Mchana atafanya nini watu wakiwa kazini? Asipochaguliwa anarudi au anabaki? Sisi hatukuuliza hata moja. Jambo lilimalizwa getini kwa mama mkwe, gari linanguruma, begi lake limeshapakiwa, na wifi anasema “Kaka, huyu ni wako sasa.” Ungesemaje?

Analala na mziwanda. Tuliongeza godoro la futi mbili na nusu linalosimamishwa ukutani asubuhi. Mziwanda, ambaye alikuwa haogopi kitu mpaka alipoanza kulala peke yake akiwa na miaka mitano, sasa halii usiku. Hilo hatukulitarajia. Upande wa pili, kijana amezoea ya kwao: saa kumi na moja alfajiri yuko uani na fagio la chelewa, shwaa, shwaa, shwaa, na jogoo anamwitikia. Jirani aliniuliza kwa upole kama kuna sherehe.

Watoto mmewarudishaje kwenye saa za shule?

Rombo walikuwa wanalala saa tano usiku, wakiota moto na binamu zao. Basi la shule la mziwanda linapita saa kumi na mbili kasoro robo. Kila mwaka nilikuwa naanza na kuwalazimisha kulala mapema, na kila mwaka tulikuwa tunapigana mpaka saa nne. Safari hii nilianzia upande wa pili: siku nne kabla ya kufungua nikawaamsha kumi na mbili, kesho yake nikawahisha dakika kumi na tano, hivyohivyo. Mchana hakuna kulala. Siku ya tatu saa mbili usiku walikuwa wanasinzia wenyewe kwenye kochi.

Jambo jingine ni sare. Zipimwe Desemba kabla ya safari, zipimwe tena mkirudi. Huwezi kuamini wiki mbili za maziwa na ndizi zinafanya nini kwenye kiuno cha mtoto. Sketi ya wa kati iligoma kufunga. Fundi aliiachia pindo na kuongeza kipande pembeni, akaniambia mwakani hakuna tena cha kuachia.

Nasikia watoto wako wameacha simu wanacheza bao. Ulitumia dawa gani?

Hawajaacha. Wamepunguza, na sifa si zangu.

Ubao ulikuwa wa marehemu baba mkwe. Ujana wake alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko Korogwe, na aliporudi kwao alirudi na vitu viwili watu wanavyovikumbuka: ubao huo na mazoea ya kunywa kahawa chungu. Alipofariki ubao ulipanda darini chini ya magunia ya mahindi. Kijana, ambaye alifundishwa na babu huyo akiwa mdogo, ndiye aliyeushusha, akaupangusa kwa kitambaa chenye mafuta, akaupakia kwenye basi akiupakata kama mtoto.

Mimi nimekua nikiwaona wazee wakicheza barazani, lakini wanawake na watoto tulikuwa watazamaji. Kwa hiyo nimejifunza sasa, na umri huu.

Ubao una safu nne za mashimo manane, jumla 32. Kila mchezaji ana safu mbili. Kete ni 64. Bao la kiswahili lenyewe ni la wakubwa: unaanza na kete 10 tu ubaoni, sita zikiwa kwenye shimo liitwalo nyumba na mbilimbili kwenye mashimo mawili yanayofuata, na 22 ziko mkononi unaziingiza mojamoja. Hiyo ndiyo namua. Zikiisha mkononi mnaingia mtaji. Mtoto ukimwanzishia hapo atakimbilia katuni. Mwanzishie bao la kujifunza: kete mbili kila shimo, zote 64 ziko ubaoni, hakuna cha mkononi. Anaelewa kuchukua kete, kuzisambaza, na kula za mwenzake siku hiyohiyo.

Kitu kilichowakamata wangu ni kwamba ukila kete za mwenzako hazitoki mchezoni. Unazisambaza upande wako, na kesho kutwa anaweza kuzila tena. Mtu aliyekuwa anazama anaibuka. Mziwanda alilia mara mbili, mara ya tatu akaibuka, na tangu hapo hatupumui. Wa kati, ambaye ripoti yake ya hesabu naificha, sasa anakaa kimya akinyooshea mashimo kidole bila kuyagusa: nikianzia hapa na kete saba naishia pale, pale pana tatu, naendelea… Sijamwambia kwamba hizo ni hesabu. Nawaomba na nyinyi msimwambie.

Tulipohesabu kete za babu zilikuwa 57. Saba zilizopungua tulizijazia kwa punje za mahindi. Tuliacha ubao uani usiku mmoja, asubuhi kete ni 57 tena na jogoo anatembea kwa madaha. Sasa tunatumia vikokoto vya ujenzi.

Simu nazo zinaingia kabatini saa mbili usiku, yangu ikiwemo. Bila yangu kuingia, ile kanuni ilidumu siku mbili.

Na wewe mwenyewe unafanya nini cha kujifurahisha?

Nafuma. Mama mkwe alinipa sindano ya kroshia na kitambaa cha kochi nilichokianza mwaka niliofunga ndoa. Kimefika nusu. Kochi lenyewe limeshabadilishwa mara mbili.

Januari mnaivuka vipi kifedha?

Kwa kuhesabu siku badala ya miezi. Mshahara wa Desemba huja mapema kwa sababu ya sikukuu, na watu wanafurahi kana kwamba umeongezwa. Kwetu uliingia tarehe 20 Desemba. Wa Januari tunautegemea tarehe 25. Hizo ni siku 36. Ukila kwa mwendo wa siku 30, siku sita za mwisho unakula kwa mkopo, na ndizo siku za ada, viatu na madaftari.

Sasa tunafanya hivi. Nauli ya kurudi inakatwa siku moja na ya kwenda. Kaunta buku, sare na viatu vinanunuliwa wiki ya kwanza ya Desemba, kabla mtu hajaanza kusema habari za mbuzi. Mchele na maharage vinaingia ndani kabla hatujafunga nyumba. Pesa ya ada ya mziwanda iko kwenye akaunti ambayo kadi yake haisafiri kwenda Rombo.

Mtu huniuliza, kwani elimu si bila ada? Kwa shule za serikali ndiyo, tangu 2016 kwa msingi mpaka kidato cha nne, na tangu 2022 mpaka kidato cha sita. Hawa wakubwa wawili wako huko. Lakini sare, nauli, madaftari na chakula cha mchana havikufutwa na mtu, na mziwanda tuliamua wenyewe kumpeleka shule ya kulipia, kwa hiyo hapo hatuna wa kumlaumu.

Umeme nao. Tuko kwenye kundi la matumizi madogo, ambalo uniti 75 za mwezi huuzwa bei nafuu, na ukizidisha, bei ya uniti inaruka zaidi ya mara mbili. Januari hii tukashangaa LUKU inakata mapema. Kumbe kijana ananyoosha shati kila asubuhi. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima imekula uniti moja. Siku hizi nguo za wiki zinanyooshwa Jumapili jioni, zote kwa mkao mmoja.

Onyo moja, na hili nalisema kwa sababu lilinipata. Mwaka juzi nilikopa kupitia simu, ile mikopo watu wanayoiita kausha damu. Pesa iliingia kwa dakika tano. Nilipochelewa siku tatu kurejesha, wakawatumia ujumbe watu waliomo kwenye simu yangu kwamba mimi ni mdaiwa sugu. Bosi wangu alipata. Katekista alipata. Fundi friji niliyempigia mara moja tu mwaka ule naye alipata, akanipigia kunipa pole. Bora ukose viatu vipya.

Kama mna mzunguko wa akina mama, ombeni zamu ya Januari mkiwa bado mwezi wa saba. Watu wote wanataka Desemba. Januari haigombaniwi.

Gesi au mkaa?

Vyote viwili, na sioni aibu. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034, na sisi tuna mtungi wa kilo 15. Chai, mboga, wali, kupasha, vyote gesi. Kilichokuwa kinatushinda ni maharage na mifupa ya mtori. Maharage tumeyaweza: yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha na kipande kidogo cha magadi, punguza moto yakishachemka, funika. Mifupa bado ni jiko la mkaa.

Ule mchicha wa kwenye viroba ulifanikiwa?

Wa kwanza aliula jogoo.

Wa pili upo. Viroba sita vya kilo 50, vimetobolewa chini, udongo ndoo mbili kwa ndoo moja ya samadi iliyooza vizuri. Nasema iliyooza, kwa sababu samadi mbichi ya kuku inaunguza miche, na nimeshaunguza. Mbegu za mchicha ni ndogo kama vumbi, changanya na mchanga mkavu ndipo unyunyize, la sivyo zitaota kichaka upande mmoja na jangwa upande wa pili. Maji asubuhi na jioni, jua la Januari si la kuchezea. Wiki tatu hadi nne unaanza kuchuma. Ukichuma majani na vichwa ukaacha shina, linachipua tena.

Maji tunayomwagia ni ya kuoshea mchele na mboga, maana ya bomba mnajua yanavyotoka. Juu tumefunika kwa chandarua kuukuu kilichotoboka. Jogoo anazunguka nje yake akitazama kama mtu aliyefungiwa duka.

Mti wa Krismasi mliutoa lini?

Ulikuwa tawi la mvinje, tumeutoa tarehe 6 Januari, Epifania. Umewasha jiko la mkaa mara mbili. Mvinje unawaka vizuri. Taa zimerudi kwenye kopo la maziwa. Nusu haziwaki, kama mwaka jana.

Umenenepa?

Ndiyo. Swali linalofuata.

Kweli mligombana na wifi kuhusu mchango wa mbuzi?

Hili silijibu hapa. Nitasema tu kwamba kwa Wachagga jani la sale, la kuomba msamaha, likiletwa mlangoni, aliyekosewa hana budi kusikiliza, na kwamba jani hilo linaota kuzunguka kihamba chote, yaani shamba la nyumbani, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema amelikosa. Nani alilileta na nani alilipokea, muulizeni wifi. Mtaona kama atawajibu.

Jogoo mtamchinja lini?

Alipewa baba watoto ili tumle Jumapili ya kwanza tukifika. Alisafiri zaidi ya kilomita 500 ndani ya kikapu, amefungwa miguu, chini ya siti, akanyamaza njia nzima mpaka Mbezi, akawika basi likiingia stendi. Abiria wakapiga makofi. Ukishapigiwa makofi na basi zima, mtu hawezi kukushikia kisu kirahisi.

Kwa wanaotaka kuja na kuku kutoka kijijini: msimchanganye na kuku wengine kwa wiki mbili hivi, na apate chanjo ya mdondo, ambao wengine wanauita kideri. Ile ya matone ni rahisi, tone moja la jichoni, inarudiwa kila miezi mitatu. Jirani ana matetea manane. Ningemletea kideri leo tusingekuwa tunaongea.

Anawika saa tatu usiku kwa sababu ya taa ya jirani ya ulinzi. Anadhani kumekucha. Tumeshaomba radhi.

Bibi, mama mkwe wako, amebaki na nani?

Mchana anakuja mtoto wa jirani kumkatia majani ya ng'ombe. Usiku yuko peke yake. Wiki ile tuliyoondoka aliniambia ameendelea kupika kwenye sufuria kubwa kwa siku tatu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu, na hakuwa na mtu wa kumshushia ndogo.

Anapiga Jumapili saa kumi na mbili jioni. Zamani alikuwa anamuuliza mwanawe kwanza. Siku hizi akishaitikia shikamoo zote anauliza jogoo anakula nini, analala wapi, amenenepa au amekonda. Kijana anatoka na simu mpaka uani, anaisogeza karibu na banda, na sisi wote tunanyamaza ili Bibi amsikie. Jogoo hajawahi kuwika hata siku moja simu ikiwa hapo. Bibi anasubiri dakika nzima, kisha anasema, “Haya, amelala, mwacheni,” na anaomba apewe mwanawe.